Jiko lenye akiba halisubiri duka la jioni

Ikifika saa kumi na moja jioni, simama mbele ya duka la Mangi yeyote pale Manzese, Tandika au Mbagala. Mtoto ametumwa mafuta ya kupima. Dada wa nyumba ya pili anataka sukari robo. Nyuma yake kuna anayetaka unga nusu, chumvi na kiberiti. Hatua chache pembeni, kwenye genge, nyanya zimepangwa mafungu na vitunguu vinauzwa viwili viwili. Hivi ndivyo kaya nyingi za Dar es Salaam zinavyopata chakula cha usiku: kidogo kidogo, kila siku, jua likiwa linazama.

Mangi hana kosa. Anafungua gunia na kulipima robo kwa robo ili aliyelipwa kibarua mchana aweze kula usiku. Bila yeye, wengi wangelala njaa. Ninaotaka kuzungumza nao leo ni wale wenye mshahara wa mwisho wa mwezi au biashara inayozunguka vizuri, ambao bado wanaendesha jiko kama mtu wa kibarua. Asubuhi baba anaacha hela ya matumizi mezani, mama anaigawa, na ikifika usiku kabati ni tupu. Kesho wanaanza upya. Kaya ya namna hii inalipa zaidi kwa chakula kilekile, na anayeipikia hapumzishi kichwa hata siku moja.

Akiba ya jikoni si anasa ya wenye nyumba kubwa. Ni vitu vichache vilivyochaguliwa kwa akili, vikanunuliwa kwa wakati wake na kutunzwa pakavu. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya kuwepo friji. Bara, mahindi yaliwekwa kwenye kihenge au kutundikwa darini juu ya moshi wa jiko. Usukumani, viazi vitamu vilikatwa na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Ugogoni, mboga za majani za masika zilikaushwa zikaliwa kiangazi. Pwani, samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa akawa ng'onda. Tulipohamia mjini tulibeba mapishi, tukaiacha ghala kijijini.

Hesabu ya kiroba

Tuanze na unga. Chukua kaya ya watu watano inayosonga ugali mara moja kwa siku kwa unga wa robo tatu kilo. Kwa siku 30 itatumia kilo 22 na nusu. Kiroba cha kilo 25 kinamaliza mwezi na kubakiza cha uji. Kaya hiyohiyo ikinunua kilo moja moja, itakwenda dukani mara 23, na kila mara itakuwa imelipia faida ya muuzaji wa jumla, faida ya muuzaji wa rejareja na gharama ya mfuko.

Kwenye mafuta ya kupima hasara inajificha zaidi. Kikopo cha kupimia mara nyingi hakina alama yoyote, kwa hiyo mnunuzi hawezi kujua amepata mililita ngapi, wala kulinganisha bei yake na ya dumu la lita tano. Wakala wa Vipimo upo kusimamia haki ya mnunuzi, lakini haki hiyo ni rahisi kuidai pale unaponunua kwa kilo na lita. Ukinunua kwa kikopo, fungu au kisado, unanunua kwa macho.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote, nayo ni muda. Anayepika hutoka kazini, hupita dukani, hupita gengeni, ndipo huwasha moto. Chakula kinaiva usiku, watoto wamekwisha sinzia. Kama unga, mchele, maharage na mafuta vimo ndani, safari ya jioni inabaki ya mboga mbichi na nyanya tu, na siku ya mvua inaweza kufutwa kabisa.

Vitu vinavyoshikana

Kosa la wengi wanaoamua kujaza kabati ni kununua vitu vingi. Wanapita dukani wanachukua chupa za sosi, makopo, pakiti za viungo vilivyochanganywa, na mwisho wa mwezi vitu hivyo vipo palepale ilhali unga umeisha. Kipimo changu ni kimoja: kitu kisichoweza kuingia kwenye mapishi matatu tofauti ya nyumba hiyo hakistahili nafasi ya kwanza kabatini.

Kwa kipimo hicho, orodha inakuwa fupi. Unga wa mahindi, mchele na unga wa ngano. Maharage, pamoja na jamii nyingine moja ya kunde: choroko, kunde, dengu au mbaazi. Karanga. Dagaa wakavu. Mafuta ya kula, chumvi, sukari na majani ya chai. Vitunguu maji, vitunguu saumu na tangawizi. Kwa viungo: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari nyembamba na manjano. Nazi, kwa anayekaa Pwani au aliyezoea tui.

Sasa angalia vinavyoshikana. Maharage yanaungwa kwa nazi yakaliwa na wali, yanachanganywa na mahindi ya kukoboa yakawa makande, na yanayobaki huliwa asubuhi na chapati. Mbaazi za nazi zinakwenda na maandazi asubuhi na wali usiku. Karanga zikisagwa zinaingia kwenye mchicha, kwenye kisamvu na kwenye uji wa mtoto. Dagaa wanakaangwa wakavu kwa kitunguu, wanaungwa kwa nyanya, au wanatiwa ndani ya mboga ya majani ili ipate nguvu. Kaya yenye vitu hivi haiwezi kukosa cha kupika, hata kama hela yote iliyobaki ni ya fungu moja la mchicha.

Dagaa wanahitaji neno lao. Wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, hupendwa kwa ladha na hukaa juu kwa bei. Wa Mwanza, kutoka Ziwa Victoria, ambao ndugu zetu wa Kenya huwaita omena, ni wa bei nafuu na wanalisha watu wengi zaidi. Wote huliwa wazima, mifupa ikiwemo, kwa hiyo humpa mlaji madini ya chuma na kalsiamu pamoja na protini. Ukinunua, chagua waliokauka kweli, wenye kung'aa, wasio na mchanga. Dagaa mwenye unyevu ataota ukungu kabla wiki haijaisha.

Wapi na lini

Bei ya nafaka inafuata jembe. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, mahindi huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na mpunga wa Mbeya na wa Kanda ya Ziwa huingia sokoni majira hayohayo. Kwa hiyo miezi ya kuanzia Julai hadi Septemba ndiyo ya kununua. Januari hadi Machi, wakati ghala za wakulima zimepungua na mazao mapya bado yako shambani, bei hupanda. Taifa linajua hesabu hii, ndiyo maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka msimu wa mavuno na kuitoa wakati wa upungufu. Kaya inaweza kufuata utaratibu huohuo kwa kiasi cha gunia moja.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, soko la Tandale ndilo linalojulikana kwa nafaka. Pale utakuta mchele kwa asili yake: wa Kyela unaosifiwa kwa harufu, wa Mbeya, wa Ifakara, wa Shinyanga. Jina lililoandikwa kwenye kibao cha bei halitoshi, maana mchele huchanganywa. Chukua kiganja, unuse, uangalie kama punje zinafanana kwa urefu na rangi, na ukiweza nunua kilo moja ukaupike kabla ya kubeba gunia. Ujue pia kwamba mchele mpya hutaka maji kidogo na hugandana haraka, ilhali uliokaa miezi kadhaa hunywa maji mengi na huchambuka. Wapishi wa pilau na biriani hutafuta huo wa pili.

Kwenye maharage, uzee ni hasara. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hugoma kuiva hata ukiyapikia siku nzima, na mkaa au gesi inateketea bure. Tafuta yenye rangi angavu na ngozi isiyokunjamana, na kataa yenye vitundu, kwani hapo mdudu amekwisha kutoka au bado yumo. Ukifika nyumbani yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, uyapike kwa maji mapya. Yale mekundu makubwa yachemke kwa moto mkali angalau dakika kumi za mwanzo, maana yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, na hilo ni jambo kubwa kwa anayetegemea mtungi wa gesi wa kilo 6 umfikishe mwisho wa mwezi.

Vitunguu vya Singida au Mang'ola vichaguliwe vile vyenye shingo kavu na maganda yanayochakarika. Kitunguu chenye shingo laini kimevunwa mapema na kitaoza.

Adui ni unyevu

Hali ya hewa ya Pwani haisamehe uzembe. Unga ulioachwa ndani ya mfuko uliofunguliwa hushika unyevu, huganda, hunuka, kisha huota ukungu. Hapa akiba inageuka hatari, na sisemi hivi kutisha watu.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumukuvu hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Kula kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini.

Anayenunua mahindi ili apeleke mashineni ahakikishe yamekauka. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Maofisa ugani hufundisha jaribio rahisi: tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani juu ya turubai. Karanga zichambuliwe moja moja, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe. Zisipewe kuku wala zisisagwe kwa ajili ya mtoto.

Mahindi yaliyokauka yana adui wa pili, mdudu. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi, ambaye wakulima wengi walimpa jina la Scania, aliletwa kutoka Amerika na akaanza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye hugeuza gunia kuwa vumbi. Leo ipo mifuko maalumu isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu walio ndani hukosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Kwa kaya inayonunua gunia zima la mahindi au maharage, mfuko huo unarudisha gharama yake.

Kwa akiba ndogo, ndoo yenye mfuniko unaobana inatosha. Iwe imeoshwa na kukaushwa kabisa, na isikae moja kwa moja sakafuni. Iweke juu ya ubao au kichanja ili unyevu wa saruji usipande. Mwenye friza aweke unga mpya humo kwa siku tatu au nne kabla ya kuuhamishia kwenye ndoo, na mayai ya wadudu yatakufa. Asiye na friza anunue unga wa wiki mbili badala ya wa mwezi, hasa wakati wa masika.

Tofautisha pia sembe na dona. Dona imebaki na kiini cha punje, penye mafuta na virutubishi, kwa hiyo inalisha vizuri zaidi lakini huchacha mapema. Saga au nunua kidogo, umalize, urudi tena. Sembe hukaa zaidi kwa sababu kiini kimeondolewa. Ukiichagua, chagua iliyoongezwa virutubishi na yenye alama ya Shirika la Viwango.

Vingine vina masharti mepesi. Chumvi yenye madini joto ikae kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na mvuke na jua, la sivyo madini hayo yanapotea. Mafuta yakae gizani, mbali na jiko. Viungo vinunuliwe vizima na kutwangwa vinapohitajika, maana vikishasagwa harufu huondoka upesi. Viazi mviringo vikae gizani penye hewa, na kilichogeuka kijani kisiliwe, kina sumu. Vitunguu vikae kwenye kikapu chao peke yake. Vikilundikwa na viazi, vyote huharibika mapema.

Kuanza na kidogo

Najua swali linalofuata: hela ya kununua vyote hivi kwa mpigo itoke wapi? Haitoki kwa mpigo, na wala haihitajiki hivyo. Mwezi wa kwanza nunua kiroba cha unga na pakiti mbili za chumvi. Ile pesa ndogo ambayo ungeitoa kila siku kwa unga, iweke kando. Mwezi wa pili itanunua dumu la mafuta. Wa tatu, maharage. Ndani ya miezi michache kabati limeshika, na kuanzia hapo unajazia kilichopungua tu. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo ilizaliwa kwenye kupima nafaka.

Kina mama wengi tayari wana mchezo, wana vikoba. Kikundi cha watu wanne au watano kinaweza kununua gunia la mchele kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani. Wanaofanya hivyo kabla ya Ramadhani au Krismasi wanajua faida yake, kwa sababu bei za sikukuu huwakuta vitu vimo ndani. Hakuna kinachozuia jambo hilo lifanyike kila msimu wa mavuno.

Akiba, hata hivyo, isigeuke ulimbikizaji. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika. Serikali ilitangaza bei elekezi, lakini katika maeneo mengi kilo moja iliuzwa kwa zaidi ya Sh4,000. Aliyekuwa na kilo mbili kabatini alivuka wiki za mwanzo kwa utulivu. Aliyekimbilia kununua mfuko mzima katikati ya uhaba alimwongezea jirani yake tatizo. Akiba njema hujengwa wakati wa wingi.

Jambo la mwisho ni utaratibu. Andika tarehe kwenye kila chombo siku unapokijaza. Kipya kikae nyuma, cha zamani kitangulie kupikwa. Usimwage unga mpya juu ya wa zamani. Maliza, osha ndoo, anika, ndipo ujaze. Weka daftari dogo jikoni, kila kinachofikia robo kiandikwe. Daftari hilo litakuonyesha, baada ya mwezi mmoja, ni nini hasa nyumba yako inakula, na orodha ya manunuzi haitatungwa tena kwa kukisia.

Na kazi hii isiachiwe mama peke yake. Baba anayeacha hela ya matumizi kila asubuhi akae na mwenzake mwisho wa mwezi, wafungue daftari, wapange pamoja, na yeye mwenyewe abebe kiroba kutoka sokoni. Watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, wafundishwe kuchambua maharage, kupeta mchele kwa ungo na kusoma tarehe kwenye ndoo. Msimu wa mavuno ukifika, nendeni sokoni mkiwa na orodha na mizani ya kuaminika. Nunueni kwa kilo, hifadhini pakavu, pikeni cha zamani kwanza.